Gato Iliyoanguka Siku ya Poda

Kitu cha kwanza nilichokionea wivu baada ya kumzika binti yangu kilikuwa kelele. Kila asubuhi, upande wa pili wa ua wetu wa matete, jirani yangu alimgombeza binti yake.

"Weye, amuka! Watu wamekwisha kuchota maji, weye unalala kama bibi ya chifu!"

"Niko nakuya, Mama."

"Unakuya wapi? Unakuya na kitanda?"

Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mbabula, jiko langu la makala, nageuza mandazi ya kuuza. Nilisikiliza mpaka mtoto alipotoka nje akiburuta kandambili. Jirani hakujua kwamba mtu alikuwa akisikiliza ugomvi wake kama wengine wanavyosikiliza kwaya. Nilikuwa na mdomo wangu, nilikuwa na asubuhi yangu, lakini sikuwa na mtu wa kumgombeza.

Lupango zetu mbili, kiwanja chake na changu, ziko Shari, hapa Bunia, na kati yake pana ule ua tu. Yeye alikuja kutoka Butembo na mume wake, wakiuza vikwembe, vitambaa vya kitenge, sokoni. Mimi ni wa hapa hapa. Ndugu zangu wanafuga ng'ombe nje ya mji. Tulizaa mabinti mwaka mmoja. Walikwenda shule pamoja, wakakaa dawati moja, wakasukana nywele kwenye pengo la ua ambalo hatukuliziba kwa sababu yao. Wangu alikufa kwa homa, majira ya mvua, walipokuwa katika mwaka wa tano wa sekondari. Sitaeleza ugonjwa. Ulikuja, ukakaa kidogo, ukaondoka naye. Sikuwa na mwingine.

Kwetu mwanamke akizaa, watu humwita kwa jina la mtoto wake. Jina lake mwenyewe linabaki kwenye kadi ya ubatizo. Baada ya mazishi, watu wa mtaa waliacha kuniita kwa jina la binti yangu. Walianza kuniita "Mama" tu, na wengine "Mama wa mandazi". Walifikiri ni huruma. Walifikiri jina lile litaniumiza, kumbe kulikosa ndiko kulikoniumiza. Mtu mmoja tu hakuacha. Jirani yangu alikuja kwenye ua na kuita jina lile lote, kwa sauti yake kubwa ya sokoni, kuniomba chumvi au kunipa habari. Nyumba yake ilibaki mahali pekee duniani ambapo niliendelea kuitwa mama wa mtoto wangu.

Na huyo huyo ndiye niliyemwonea wivu.

Nilionea wivu kamba yake ya nguo, ambapo blauzi nyeupe na sketi ya buluu ya shule zilikauka kila Jumamosi. Nilionea wivu hasira yake. Siku moja alikuja ameshika kiatu kilichopasuka mbele. "Tazama," aliniambia, "mutoto huyu atanimaliza. Muguu inakomaa kila mwezi!" Nilicheka, maana ilitakiwa nicheke. Usiku ule nilitoa viatu vya binti yangu chini ya kitanda na kuvitazama. Havikupasuka. Vilibaki saizi yake.

Sikumchukia. Watu wanachanganya mambo hayo mawili. Kama mtu angemgusa mtoto yule ningempiga kwa mwiko. Lakini kila alipopita na begi mgongoni, moyo wangu ulihesabu mmoja na kutafuta wa pili.

Zamani, wasichana wakiwa bado wadogo, mimi na jirani tulikuwa tumeahidiana. Siku watakapopata diplome ya serikali, cheti cha kumaliza sekondari, mimi nitapika gato moja kubwa, keki ya wote wawili, na sherehe itafanyika kwake kwa sababu uwanja wake ni mpana. Nilikuwa napika gato za ubatizo na za harusi za watu wasio na fedha nyingi. Sina furu, yaani oveni, ya umeme. Natumia sufuria kubwa yenye mchanga chini, ndani yake naweka sufuria ndogo ya gato, nafunika, natia makala juu ya kifuniko na chini. Mchanga ukiwa mkavu na moto, gato inapanda kama mtu anayevuta pumzi. Tangu mazishi sikuwa nimepika hata moja.

Matokeo yalitoka katikati ya wiki. Asiyejua desturi yetu angefikiri kuna wazimu mjini: vijana waliofaulu wanamwagiwa poda kichwani, na poda ikiisha wanamwagiwa unga, wanazunguka mitaani weupe kama mizimu, wakiimba na kupiga masufuria. Nilisikia kelele zikija kutoka barabarani, nikajua sauti ya jirani ndani yake. Nikaingia nyumbani nikafunga mlango. Kisha nikaona haya, nikaufungua.

Msichana alikuwa amesimama kwenye pengo la ua. Nywele nyeupe, kope nyeupe. Miguu ilikuwa imemleta kwa mazoea, na sasa hakujua kama aingie au arudi. Mkononi alikuwa na kopo la poda.

"Mama," alisema, "nimefaulu."

"Nimesikia. Asante kwa Mungu."

Akaninyoshea kopo. Ndiyo desturi, kila mtu anayekupenda anakupaka. Nilichukua poda kidogo nikaiweka katikati ya kichwa chake, kwenye njia ya nywele. Njia ile niliijua. Binti yangu aliichora mara nyingi kwa mpini wa kitana. Mkono wangu ulitaka kubaki pale, na mkono huo huo ulitaka kumsukuma atoke. Niliurudisha nikaufuta kwenye kikwembe.

Jioni mama yake alikuja peke yake. Hakupita kwenye pengo, alizunguka akapiga hodi mlangoni kama mgeni.

"Ile gato," alianza. "Kama moyo yako inaweza. Kama haiwezi, nitanunua kule mu centre, haina neno hata kidogo."

"Nitapika."

"Hapana juu ya kunifurahisha?"

"Juu ya kwamba tulisema."

Hiyo haikuwa sababu yote. Kama mwanamke mwingine angepika gato ile, ningemwonea wivu na yeye pia, na wivu mmoja ulinitosha.

Ijumaa alifika dada mkubwa wa jirani kutoka Butembo kwa ajili ya sherehe. Mtoto alimwita Mama mkubwa, na mimi nitamwita hivyo. Alikuwa mwanamke mwenye mwili na sauti, aliyezoea kusikilizwa. Nilikuwa nikichambua mchele karibu na ua nilipomsikia.

"Munampa mama mwenye matanga apike gato ya mutoto? Weye iko na akili?"

"Yaya," jirani alimjibu dada yake mkubwa, "ni mambo ya zamani. Tuliahidiana."

"Muliahidiana watoto wakiwa wawili. Sasa yeye anaona wako anapita na diplome, wake iko mu udongo. Wivu haina aibu, dada. Inaingia hata mu unga."

"Sema polepole. Ua iko na masikio."

"Isikie basi!"

Ua ulisikia. Nilibaki na sinia mapajani. Ningetaka kusema kwamba nilikasirika kwa sababu alinisingizia. Nilikasirika kwa sababu, kuhusu moyo wangu, hakukosea. Alikosea kuhusu mikono yangu tu, na sikuwa na njia ya kumwonyesha tofauti isipokuwa kuleta gato iliyosimama vizuri. Jirani hakumjibu kitu. Kimya kile kilinitia woga kuliko maneno. Nilijua kwamba gato ikiharibika, atamwamini dada yake. Hatanitukana, hana tabia hiyo. Ataacha tu kuja kwenye ua, na siku akinikuta njiani ataniita "Mama" kama wengine.

Kwa hiyo nilipika kwa uangalifu ambao sikuwahi kumpikia bwana arusi yeyote, na uangalifu ndio ulioniponza.

Kwanza mchanga. Mchanga wangu wa zamani, mkavu, niliopikia miaka mingi, haukuwapo tena. Siku za matanga mvua ilinyesha, uwanja ukawa tope, na wanaume waliokuja kukaa nasi walichukua gunia lile wakalimwaga ili viti visizame. Walifanya vizuri, sikuwalaumu na siwalaumu. Nilichota mchanga mwingine mtoni, nikauanika juu ya turubai la plastiki. Wingu likija nauingiza, jua likirudi nautoa. Jumamosi asubuhi niliushika ukawa mkavu na vuguvugu. Niliushika juu tu.

Kisha unga. Niliuchekecha, nikauchekecha tena. Nilipiga mayai, sukari na margarini mpaka bega likauma. Nilitia levire ya kuumulia kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu. Niliomba juu ya sufuria, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na sala yenyewe ilikuwa hivi: Bwana, nisiangalie gato hii vibaya.

Niliifunika, nikapanga makala. Nikakaa mbele yake.

Harufu ilichelewa. Kwa kawaida, wakati naosha bakuli, harufu inakuwa imekwisha kuja. Niliosha bakuli, nikaosha na vijiko vya jana, hakuna kitu. Woga ukanishika: tayari wivu wangu umeingia. Nikainua kifuniko nione. Gato ilikuwa imeanza kupanda kidogo, laini, inatetemeka. Nikafunika. Nikaongeza makala. Baada ya muda mfupi nikainua tena. Kila mpishi wa gato ya mchanga anajua kwamba kifuniko hakiguswi. Hata mtu akifa nyumbani, kifuniko hakiguswi. Niliwahi kumfukuza mjomba wangu jikoni kwa jambo hilo. Lakini siku ile niliinua mara nyingi, kama mama anayeweka mkono kwenye kifua cha mtoto mgonjwa kuona kama bado anapumua.

Nilipoifungua mara ya mwisho ilikuwa imeanguka. Pembeni imeungua, nyeusi, kwa sababu ya makala niliyoongeza. Katikati imezama kama godoro mahali mtu mzito alipolala, na ndani ya shimo lile uji wa njano haujaiva.

Nitasema yote. Kabla ya woga, kabla ya aibu, kulikuwa na kitu kidogo kama furaha. Kilipita upesi, kama panya anavyopita ukutani, lakini nilikiona mkia.

Kisha ndipo nilipoogopa. Ng'ambo ya ua walikuwa wakipanga viti na kujaribu kipaza sauti. "Moja, moja, mbili." Nilitia kijiti kwenye mchanga, kikatoka na unyevu, na mvuke ukapanda. Ulikuwa mkavu juu tu. Chini bado ni mto. Ndiyo maana moto haukupanda, ndiyo maana harufu ilichelewa, ndiyo maana nikainua kifuniko. Sababu ilikuwa pale, naweza kuishika kwa vidole. Lakini nani angeamini mchanga, wakati kuna mama mwenye matanga?

Mume wangu alikuwa Niania na mizigo ya watu, akingoja barabara ikauke. Sikuwa na wa kumuuliza. Unga wa kuanza upya haukubaki, na hata ungebaki, mchanga ulikuwa ule ule. Nilikuwa na nini? Mayai machache. Ndizi mbivu, zile zilizoanza kuwa na madoa. Na bidoni ya maziwa ambayo kaka yangu alileta asubuhi kutoka kwenye ng'ombe zetu, kama mchango kwa sherehe.

Nilitazama mvuke ule ukitoka kwenye mchanga, nikamkumbuka mama yangu. Ndizi zilipoiva mno aliziponda na unga wa mahindi, akazifunga kwenye majani ya mgomba na kuzipika kwa mvuke, na sisi tulikula mpaka tukalamba jani. Gato hii haikukosa sukari wala mayai. Ilikosa kuiva tu. Kitu ambacho hakikuiva kwa moto mkavu kinaweza kuiva kwa maji.

Lakini nilihitaji majani, na migomba iko kwa jirani.

Nilikwenda kwenye pengo na kisu mkononi. Jirani alikuwa akitandika vitambaa mezani. Mama mkubwa alikuwa kwenye kiti, akimenya vitunguu.

"Naomba majani ya mgomba."

"Ya nini?" jirani aliuliza, akitabasamu bado. "Gato iko namna gani?"

Ningeweza kusema iko vizuri. Maneno hayo ni mepesi. Lakini sijui kudanganya. Si kwa utakatifu, ni kwamba uso wangu unakataa.

"Gato imeanguka."

Kisu kilisimama kwenye kitunguu. "Ee-heeh," alisema Mama mkubwa.

"Mchanga ulikuwa na maji chini," nilisema. "Na mimi niliinua kifuniko. Naitengeneza kwa njia ingine. Itakuwa tamu, lakini haitakuwa gato."

Jirani hakunitazama. Alinichukulia kisu mkononi, akaenda kwenye migomba, akakata majani mwenyewe, mapana, yasiyopasuliwa na upepo. Akarudi akaniwekea mikononi.

"Shika, Mama," alisema.

Mama. Basi. Nilirudi kwangu na majani.

Ndipo nilipofanya kazi. Nilikata sehemu zilizoungua nikazitupa. Zilizobaki, nzuri na mbichi, nilizivunja kwa vidole ndani ya besani. Nilichemsha maziwa na sukari kidogo na tangawizi iliyopondwa, nikayamwaga yakiwa ya moto, nikaacha makombo yanywe. Nikaponda ndizi, nikapiga mayai, nikachanganya vyote mpaka ikawa nzito kama bugali isiyokaza. Majani niliyapitisha juu ya makala mpaka yakalainika na kung'aa. Nikafunga vifurushi vidogo, saizi ya ngumi, nikavifunga kwa nyuzi za mgomba. Nilimwaga mchanga, nikaosha sufuria kubwa, nikapanga vijiti ndani yake, nikatia maji, nikaweka vifurushi juu, nikafunika, na juu ya kifuniko nikaweka jiwe ili nisikiinue.

Harufu ilikuja. Ndizi, maziwa, jani bichi. Kwa muda nilisahau kwamba ninaona wivu, mikono ilinibeba. Kisha ng'ambo ya ua wakapiga vigelegele, msichana ametoka nje na nguo mpya, na nikakumbuka. Rangi ya kikwembe cha nguo ile tuliichagua wanne, siku moja sokoni, kwa ajili ya mabinti wawili.

Nilikwenda na besani iliyofunikwa. Watu walikuwa wamejaa: jamaa, wateja wa vikwembe, walimu wawili, vijana wengine wenye poda masikioni. Msemaji wa sherehe, kijana wa mbali asiyetujua, alishika kipaza sauti akaita, "Na sasa, wapendwa, gato!" Watu walipiga makofi. Niliweka besani mezani nikaondoa kitambaa. Makofi yalipungua, yakaisha.

"Gato iko wapi?" aliuliza Mama mkubwa. "Mimi ninaona samaki ya kufunga mu majani."

Watu walicheka. Hata mimi ningecheka, kama ingekuwa kwa mtu mwingine.

"Gato iliniangukia," nilisema. Sauti yangu si ya kusemea mbele ya watu. Waliokuwa nyuma walisogea. "Nimeigeuza. Iko na maziwa na ndizi. Ni ile ile, lakini ya mvuke."

Hakuna mkono ulionyoshwa. Msichana alikuwa mbali, akipigwa picha na wenzake. Mama mkubwa alivuta besani karibu, akachagua kifurushi, akakisogeza mbele yangu kwa kidole kimoja.

"Onja, Mama."

Kwetu anayeleta chakula huonja kwanza. Ni heshima ya kawaida, unaonja bila kufikiri, ukicheka na watu. Lakini kuonja ni kitu kimoja na kuambiwa onja ni kitu kingine. Anayeambiwa anaulizwa: umetia nini humu? Uwanja mzima uliisikia tofauti hiyo. Nilimtazama jirani yangu. Alikuwa amesimama nyuma ya dada yake, mikono imeshikana tumboni, ananitazama. Hakusema, yaya, acha. Alingoja. Na yeye pia alitaka kuona.

Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja nikampoteza. Yeye ana mmoja pale uwanjani. Ningekuwa yeye, ningengoja vile vile.

Nilifungua jani. Mvuke ulitoka. Nilimega kipande kikubwa, siyo cha adabu, nikakila chote mbele yao. Walitazama koo langu. Ilikuwa tamu. Jambo hilo lilinishangaza, kwamba kitu kinaweza kuwa kitamu wakati ule, mdomoni mwangu.

"Tungoje kidogo," alisema Mama mkubwa. "Huyu mama..."

Hapo mkono wenye bangili mpya ulipita juu ya bega langu ukamega kwenye jani lile lile nililokuwa nimeshika. Msichana. Alitafuna, macho yamefunguka, akalamba kidole.

"Mama mukubwa," alisema, mdomo umejaa, "kama huu ni wivu, basi ametia sukari mingi."

Uwanja ulilipuka. Mwalimu mmoja alicheka mpaka akashika meza. Mama mkubwa naye alishindwa. Alijaribu kukaza uso, mashavu yakakataa. "Mutoto hana adabu," alisema. "Diplome imempanda kichwani." Akavuta kifurushi chake. "Huyu mama atanifundisha hii kitu."

"Yaya," alisema jirani yangu. "Huyu iko na jina."

Akaliita. Kwa sauti yake ya sokoni, kama kwenye ua, jina la binti yangu lote. Watu walioijua habari waliinamisha macho. Lakini kijana wa kipaza sauti hakujua kitu. Kwake lilikuwa jina la mama fulani wa kushukuriwa, akalichukua akalitangaza: "Tumshukuru Mama wa..." na jina likatoka kwenye spika kubwa mbili, likapita juu ya mabati, likafika barabarani. "Makofi kwake! Makofi mengi!"

Walipiga makofi. Siku ya diplome, mbele ya walimu wake, waliliita jina lake na kulipigia makofi, na hakuwapo. Nilishika meza. Nilimtazama msichana mwenye poda masikioni, ambaye jina lake lilikuwa limeitwa kabla na litaitwa tena, na niliona wivu ambao sikuwahi kuuona tangu siku ya mazishi. Ulinijaa mpaka kwenye meno. Hapo hapo nilikuwa nagawa vifurushi kwa mkono wa kulia, nauliza nani bado.

Vilikwisha vyote. Watu walilamba majani. Siku zilizofuata walikuja wanawake kuuliza ile gato ya majani inapikwa namna gani, na niliwaambia ukweli, kwamba kwanza lazima uharibu gato. Walifikiri natania. Jirani aliendelea kuja kwenye ua na kuniita jina lile lile, na hatukuzungumza juu ya kule kungoja kwake. Hakuna aliyeomba msamaha, na sikuona nani aombe.

Mtu anaweza kufikiri kwamba wivu uliishia pale. Haukuishia. Ulipata tu chakula kingine.

Msichana alipata nafasi ya kusomea uuguzi Nyankunde. Mama yake aliniomba vifurushi vya njiani, nikavipika. Alivichukua vikiwa vya moto, akavitia mwenyewe kwenye begi la mtoto, katikati ya nguo, bila kunitazama, bila kungoja kitu. Godoro lilifungwa kwenye pikipiki moja, sanduku na msichana kwenye nyingine. Alinikumbatia mimi baada ya mama yake. Alinukia sabuni mpya.

Pikipiki zilipopotea, jirani alipita kwenye pengo, akakaa kwangu kwenye kigoda, akaanza kulia. Alilia kwa nguvu, na pua, bila kujifunika.

Nilimtazama. Nilionea wivu machozi yale. Yalikuwa ya kumlilia mtu aliye hai, yalikuwa na barabara na bei ya pikipiki.

"Unalia nini?" nilisema. "Nyankunde iko hapa tu."

"Minajua. Lakini kitanda yake iko mutupu. Nimeingia, nimeona shuka, nimeshindwa."

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. "Kitanda yako itakuwa mutupu mpaka Noeli tu," nilisema.

Aliinua uso. Nilifikiri sasa ndiyo mwisho, sasa atasimama na kwenda kwake, na nitakuwa nimestahili. Alijifuta kwa ncha ya kikwembe.

"Minajua," alisema. "Juu ya ile nimekuya kulia kwako. Kule nyumbani wananiambia ni furaha, ninyamaze."

Akaendelea kulia. Mimi sikumwambia anyamaze. Nilikaa karibu naye, nikamwonea wivu mpaka alipomaliza, kisha nikamletea maji ya kunawa uso.